Kubinafsisha, Kurekebisha, Kushirikisha: Lugha na Utaratibu wa Kuyaondoa Mashirika Mikononi mwa Dola katika Bukoba na Muleba

Utangulizi

Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967, na mabenki, mashamba makubwa na viwanda vikachukuliwa na dola, kitenzi kutaifisha kilienea kutoka magazetini hadi vijijini. Robo karne baadaye kilifuatwa na ndugu yake, kubinafsisha. Vitenzi hivi viwili vimeundwa kwa njia moja: nomino taifa na neno binafsi yamepokea kiambishi cha usababishi, kile kile kinachotupatia safisha kutokana na safi na sawazisha kutokana na sawa. Kutaifisha kitu ni kukifanya kiwe cha taifa. Kukibinafsisha ni kukifanya kiwe cha binafsi. Kwa sura ya nje, basi, la pili latangua la kwanza, kama vile mtu afunguavyo fundo alilolifunga.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa ulinganifu huo ni wa sura tu, na kwamba tofauti iliyojificha chini yake iligusa maisha ya watu. Taifa lajulikana ni nani. Binafsi si jina la mtu wala la kundi. Ni sifa isiyo na mwenyewe mpaka atajwe. Hivyo kila kiwanda kilipobinafsishwa palibaki swali ambalo kitenzi hakikulijibu: kilikwenda kwa nani? Swali hilo latazamwa hapa kwa mifano ya Mkoa wa Kagera, hususan Bukoba na Muleba, mahali ambapo mali iliyoitwa ya umma katika miaka ya 1990 haikuwa yote ya serikali tangu mwanzo. Sehemu ya mali hiyo ilitokana na kahawa ya wakulima na vyama vyao vya ushirika, ambavyo vilikuwapo kabla ya taifa lenyewe kupata uhuru.

Tume na utaratibu wake

Chombo kilichopewa kazi hiyo kiliitwa Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma, iliyojulikana pia kwa kifupi cha jina lake la Kiingereza, PSRC. Ilitokana na Sheria ya Mashirika ya Umma ya mwaka 1992, ambayo ilifanyiwa marekebisho mwaka 1993. Wakati huo nchi ilikuwa na mashirika takriban 400, kuanzia mabenki na reli hadi viwanda vya nguo, hoteli na ranchi. Mengi yalikuwa yakiendeshwa kwa hasara na kuishi kwa ruzuku ya Hazina na mikopo ya benki ambayo, kwa hakika, haikutarajiwa kulipwa. Ndiyo maana mwaka 1991, kabla Tume haijazaliwa, kiliundwa kwa sheria chombo kingine, LART, cha kufuatilia madeni mabaya ya mabenki. Haikuwezekana kusafisha mabenki bila kuwagusa wadaiwa, na wadaiwa wakubwa walikuwa mashirika yenyewe pamoja na vyama vikuu vya ushirika.

Hatua ya kwanza ya Tume ilikuwa ya kisheria, nayo haikuonekana na wengi. Shirika lilitangazwa rasmi kuwa miongoni mwa yale yatakayorekebishwa. Tangu hapo Tume ilihesabiwa kuwa mpokezi rasmi wa shirika hilo, kwa cheo kinachofanana na cha msimamizi wa mali za mufilisi. Jambo hili lina uzito kuliko linavyosikika. Mfanyakazi aliyedai malimbikizo ya mshahara, au mtu aliyeliuzia shirika bidhaa asilipwe, hakuweza kulishtaki kama alivyoweza jana yake. Ilimpasa kwanza kuomba ruhusa ya mahakama. Kesi kadhaa zilikwama mlangoni kwa sababu mdai hakuijua kanuni hiyo. Madhumuni yalikuwa kuzuia wadai wasigawane vipande vya shirika kabla halijauzwa zima, na kwa mtazamo wa uchumi madhumuni hayo yaeleweka. Kwa mdai mwenyewe, hata hivyo, ilikuwa kana kwamba mlango umefungwa na mtu asiyemfahamu, aliyeko Dar es Salaam.

Baada ya hapo zilifuata hatua zilizozoeleka: mali na madeni kuthaminiwa, njia ya kurekebisha kuchaguliwa, zabuni kutangazwa na kulinganishwa, mazungumzo na aliyeshinda, idhini ya serikali, na mkataba. Njia zenyewe zilikuwa nyingi. Hisa ziliweza kuuzwa kwa mbia mmoja mkuu, kama ilivyokuwa kwa kiwanda cha bia mwaka 1993, kampuni ya Afrika Kusini ilipochukua nusu, na kwa kiwanda cha sigara mwaka 1995. Shirika liliweza kukatwa vipande kwanza, kama Benki ya Taifa ya Biashara ilivyogawanywa mwaka 1997 kabla ya sehemu yake kuuzwa mwaka 2000. Hisa chache ziliweza kubakizwa kwa ajili ya wananchi na kupitishwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam lililofunguliwa mwaka 1998. Mali ziliweza kuuzwa bila kampuni yenyewe, yaani majengo na mitambo bila madeni. Shirika liliweza kukodishwa, kukabidhiwa waendeshaji kwa mkataba wa uongozi, au kufilisiwa.

Ni muhimu kutambua kuwa kukodisha, kufilisi, kuuza hisa na kuuza mali ni matendo tofauti kabisa kisheria. Katika ukodishaji, kwa mfano, mwenye mali habadiliki. Lakini magazetini, bungeni na vijiweni yote yaliitwa kwa jina moja, ubinafsishaji, na neno hilo moja likafunika tofauti ambazo mkulima au mfanyakazi alihitaji kuzijua ili ajue haki yake imebaki wapi.

Kazi ya Tume ilikoma tarehe 31 Desemba 2007. Yaliyosalia yalihamishiwa shirika hodhi lililofahamika kama CHC, na hilo nalo lilipofungwa mwaka 2014 majukumu yakaenda kwa Msajili wa Hazina.

Jina la Tume na jina la kazi

Jambo la kwanza linalomvutia mwanaisimu ni kwamba Tume haikujiita ya kubinafsisha. Ilijiita ya kurekebisha. Kitenzi rekebisha hudai kuwa kitu kipo, kina kasoro, nacho kitaendelea kuwapo baada ya kasoro kuondolewa. Fundi hurekebisha saa ili airudishe kwa mwenye saa. Mtu aliyelisoma jina la Tume bila kuijua sheria angetarajia mashirika yarudi kwa umma yakiwa mazima. Ni kweli kwamba jina hilo lilifuata la Kiingereza, ambalo nalo lilichagua neno la kutengeneza badala ya neno la kuuza, na kwamba sheria iliruhusu shirika kubaki mikononi mwa serikali baada ya kurekebishwa. Hata hivyo, tafsiri haikuwa na budi kuingia katika lugha yenye historia yake, na katika lugha hiyo mlango wa pili ulikuwa na miiba.

Mlango huo wa pili ni neno binafsi. Asili yake ni Kiarabu, kihusishi bi- na nomino nafsi, kwa maana ya ‘kwa nafsi’. Kiswahili kimelipa watoto wawili wasiofanana tabia. Likitumika kama kivumishi halina lawama: barua binafsi, mali binafsi, shule ya binafsi. Likipewa kiambishi u- cha dhana huwa ubinafsi, nalo ni jina la kosa, la mtu anayejijali peke yake. Katika miaka ya Ujamaa kosa hilo lilikemewa shuleni, katika mikutano ya chama na redioni. Kiongozi wa umma alikatazwa hata kumiliki hisa, katazo lililodumu hadi Azimio la Zanzibar la mwaka 1991. Sasa nomino ubinafsishaji, kwa kanuni za uundaji wa maneno, imetokana na kivumishi kisicho na lawama kwa kupitia kitenzi. Kwa sikio, hata hivyo, imeanza na ubinafsi kamili, herufi kwa herufi, kisha ikaongezewa mkia. Msikilizaji hachambui mofimu anaposikiliza taarifa ya habari. Si ajabu kwamba kwa wengi neno hilo lilibeba harufu ya kosa tangu siku ya kwanza, na kwamba wenye mamlaka walipendelea kurekebisha.

Jambo la pili ni la kisintaksia, na pengine ndilo zito zaidi. Kitenzi uza kina nafasi ya mpokeaji, na kauli ya kutendea huifungua nafasi hiyo kwa urahisi: aliniuzia shamba, walimwuzia kiwanda. Kitenzi gawa vivyo hivyo: wametugawia. Kinyume chake, kubinafsisha hukamilika bila mpokeaji. Sentensi kiwanda kimebinafsishwa haina pengo; msikilizaji wa kawaida haioni kuwa imekatika. Umbo kubinafsishia lawezekana kimofolojia, lakini ni nadra kusikika, na sentensi kama wamewabinafsishia wakulima kiwanda humshtua msikilizaji kidogo, kana kwamba mambo mawili yasiyopatana yamefungwa pamoja. Mpokeaji akitajwa huja mwishoni, katika kirai cha hiari, kwa mwekezaji fulani, na kirai hicho chaweza kuachwa bila sarufi kulalamika. Kwa ufupi, lugha yenyewe ilikuwa imeruhusu habari za uuzaji kutolewa bila mnunuzi.

Pengo hilo halikukaa tupu. Mjadala wa uzawa, uliopamba moto kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa sehemu kubwa ulikuwa jitihada ya kulijaza: je, mpokeaji awe mzawa au mgeni? Wakosoaji wa mjadala huo walisema, na kwa haki, kwamba mzawa ni neno lenye mipaka myepesi kuvutwa huku na huku. Lakini yafaa ionekane pia kwamba pande zote mbili zilibishana juu ya sifa za mtu mmoja, mnunuzi. Uwezekano kwamba mpokeaji angeweza kuwa kundi, tena kundi lililokuwako kabla ya shirika lenyewe, ulipata nafasi ndogo katika mjadala huo.

Shirika, ushirika, umma

Shirika na ushirika ni watoto wa mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kugawana jambo, na hata hivyo Kiswahili cha Tanzania kimeyapeleka mbali. Shirika ni la serikali, lina mkurugenzi mkuu aliyeteuliwa. Ushirika ni wa wanachama, una mwenyekiti aliyechaguliwa. Katika Bukoba mstari huo ulivukwa zaidi ya mara moja, na kila mara ulipovukwa mali ilivuka pamoja nao.

Kahawa ya Bukoba ilikuwa na siasa yake mapema. Mwaka 1937 wakulima walipinga kwa ghasia kanuni za serikali ya kikoloni juu ya ulimaji wa kahawa, na mmoja wa waliohusika na harakati za wakulima katika miaka hiyo alikuwa Klemens Kiiza, ambaye chama chake kilitaka Waafrika wakoboe na kuuza kahawa yao wenyewe. Mwaka 1950 kiliandikishwa chama kikuu cha ushirika, BNCU. Chama hicho kilikuwa mali ya wakulima kwa maana iliyo wazi: vyama vya msingi vijijini vilichagua wajumbe, na fedha za kujengea maghala na ofisi zilikatwa katika bei ya kila kilo. Tarehe 14 Mei 1976 vyama vikuu vyote nchini vilifutwa na serikali. Kahawa ikawekwa chini ya mamlaka ya zao, yaani shirika la umma. Mali iliyokuwa ya ushirika ikawa ya umma bila mkulima kuulizwa na, kwa kadiri ya hisia za wengi, bila kulipwa.

Ni ajabu kuwa tendo hilo halikupata kitenzi chake. Mali ya wakoloni na ya makampuni ilitaifishwa. Mali ya wakulima wa Bukoba, Kilimanjaro na kwingineko ilichukuliwa katika mpango ulioelezwa kwa maneno ya utawala, kufuta na kuhamisha. Sheria ya mwaka 1982 iliruhusu vyama kurudi, na mwaka 1984 kikaanzishwa Chama Kikuu cha Ushirika Kagera, KCU. Baadhi ya mali ilirudi pamoja na madeni yake. Wilaya ya Karagwe ilipojitoa na kuunda chama chake, kile kilichobaki kiliandikishwa upya kwa jina linalobeba mwaka wake, KCU (1990). Wanachama wake ni vyama vya msingi vya Bukoba, Muleba na eneo ambalo baadaye lilikuja kuwa Wilaya ya Missenyi.

Hapo ndipo tatizo la istilahi lilipo. Sheria inapogawa mali katika mafungu mawili, ya umma na ya binafsi, ushirika huangukia fungu la pili, kwa sababu si mali ya serikali. Mkulima wa Kamachumu au Nshamba, hata hivyo, hawezi kuuita ushirika wake mali binafsi bila kuipotosha lugha. Kwake mali binafsi ni kibanja chake, migomba na mibuni iliyoizunguka nyumba. Ushirika ni wa wote. Kisheria, basi, serikali inapokiuzia chama cha ushirika hisa zake imebinafsisha. Kwa Kiswahili cha mwanachama imeshirikisha, au imerudisha. Istilahi rasmi ilikuwa na neno moja tu kwa matendo hayo mawili.

Kiwanda cha TANICA

Mfano ulio wazi kuliko yote umo mjini Bukoba. Kiwanda cha TANICA, kilichojengwa katika miaka ya 1960, husindika kahawa kuwa unga unaoyeyuka katika maji moto, na kwa miaka mingi kilikuwa cha pekee nchini. Umiliki wake haukuwa wa serikali peke yake. Hisa ziligawanyika baina ya serikali na vyombo vya ushirika, na hivyo kiwanda kilikuwa nusu shirika, nusu ushirika, tangu kabla Tume haijaundwa.

Biashara ya kahawa ilipofunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi katika msimu wa 1994/95, KCU ilipoteza upekee wa kununua. Wanunuzi wa kampuni waliingia vijijini na fedha taslimu, wakati chama kilikuwa kikilipa kwa awamu. Wakati huo huo chama kilikuwa kimekwisha kupata njia nyingine ya nje: tangu miaka ya mwanzo ya 1990 kiliuza sehemu ya kahawa yake kwa wanunuzi wa biashara ya haki wa Ulaya, ambao pamoja na bei hulipa nyongeza inayotakiwa kutumiwa kwa uamuzi wa wanachama. Nyongeza kama hiyo kwa kawaida hujenga darasa, zahanati au daraja. Wanachama wa KCU waliamua kwamba sehemu yake inunue hisa za TANICA. Katika mwongo wa kwanza wa karne hii chama kikawa mbia mkubwa kuliko wote katika kiwanda hicho.

Uamuzi huo wastahili kutazamwa kwa makini kuliko unavyotajwa kwa kawaida, kwa maana unaonyesha neno hisa likitumika kwa maana mbili zinazopigana. Katika chama cha msingi mkulima hununua hisa ili awe mwanachama, lakini hapigi kura kwa hisa. Hupiga kwa kichwa chake, na mwenye mibuni mia sawa na mwenye mibuni elfu. Katika kampuni kura hufuata hisa. Basi mnyororo wa umiliki wa TANICA huanza kwa kanuni ya mtu mmoja kura moja kijijini, ukapanda kwa wajumbe hadi mkutano mkuu wa KCU, kisha ukageuka ghafla mlangoni mwa kampuni na kuwa kanuni ya fedha. Mkulima wa Muleba anamiliki sehemu ya kiwanda, hilo ni kweli. Lakini hawezi kuiuza sehemu yake, hapokei gawio mkononi mwake moja kwa moja, na sauti yake hufika mezani kwa bodi ikiwa imepita katika ngazi tatu. Ukali wa hisia za wanachama juu ya uongozi wa chama, ambao mgeni huweza kuudhani ni ugomvi wa vyeo tu, hueleweka vizuri zaidi mtu akizikumbuka ngazi hizo: mjumbe mzembe ni sawa na hisa zilizopotea.

Lipo pia jambo la wakati. Wakulima wa Buhaya wana neno la Kihaya, butura, kwa desturi ya kuuza kahawa ikali maua au mbichi mtini kwa mtu mwenye fedha, kwa sababu ada ya shule au ugonjwa haungoji mavuno. Bei ya butura huwa ya chini, na viongozi wa serikali na wa ushirika wameilaani kwa miongo mingi. Anayeijua desturi hiyo huwa na macho makali kwa muuzaji yeyote anayeuza kwa haraka kwa sababu ya shida, hata akiwa serikali. Mashirika mengi yaliuzwa katika hali iliyofanana na hiyo: yakiwa yamesimama, mitambo ikishika kutu, Hazina ikitaka kuondokana na mzigo. Tume ilijitetea kwamba thamani ya kiwanda kilichosimama hushuka kila mwezi, na utetezi huo una nguvu. Ni utetezi ule ule wa mwuza butura.

Sukari ya mto Kagera

Kiwanda cha sukari cha Kagera, katika eneo ambalo wakati huo lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Bukoba na sasa limo Missenyi, chaweza kuelezwa kwa ufupi kwa sababu hapa mpokeaji alijulikana. Eneo hilo liliharibiwa katika vita vya 1978 na 1979, kiwanda kikajengwa upya, kikazalisha kidogo kwa miaka michache, kisha kikadorora. Tume ilikiuza mwaka 2001 kwa kampuni ya Kitanzania, na uzalishaji ukarejea 2004. Katika viwanda vya Kilombero na TPC serikali ilibakiza asilimia 25 ya hisa. Tofauti na TANICA, hapakuwa na ushirika wa wakulima wa miwa wenye historia ya kudai kiwanda, na mjadala ulihusu zaidi ajira na bei. Wengi katika mkoa hukihesabu kuwa mfano wa mafanikio. Yafaa kuongeza kwamba ni mfano wa mauzo hasa, yenye muuzaji, mnunuzi na kitu, na labda ndiyo sababu neno ubinafsishaji halikuleta tabu huko.

Rweya, kitalu na Rutoro

Hali ni tofauti kabisa kusini, katika nyika za Muleba. Mila ya Kihaya hutofautisha kibanja, ardhi iliyorutubishwa kwa vizazi na kumilikiwa na nyumba, na rweya, nyika ya majani ambako watu hulisha mifugo, hukata nyasi za kuezekea na kutandaza shambani, na wanawake hulima mazao ya msimu. Rweya haikuwa tupu wala haikuwa ya mtu. Kwa macho ya mpimaji wa serikali, aliyekuwa akitafuta ardhi ya ranchi, ilionekana tupu. Kampuni ya Ranchi za Taifa, NARCO, iliyoundwa katika miaka ya 1970, ilipata maeneo makubwa katika Kagera: Missenyi, Mabale, Kikulula, Kitengule, na Kagoma, ambayo imo Muleba.

NARCO nayo iliingia katika urekebishaji, lakini kwa njia ya pekee. Katika miaka ya 2000 sehemu ya ranchi zake ilikatwa vitalu na kukodishwa kwa Watanzania wenye mifugo. Hapakuuzwa kitu, ardhi ilibaki ya dola na mpangaji akapewa mkataba. Hata hivyo jambo hilo nalo liliingizwa katika fungu la ubinafsishaji, na aliyepewa kitalu aliitwa mwekezaji. Kitenzi wekeza hudokeza mtu aliyeleta kitu kutoka kwingine na kukiweka mahali ili kizae. Katika Kagoma, ndani ya eneo ambalo lilikuja kuwa kata ya Rutoro, walikuwako watu wanaolima na kufuga. Ramani ya vitalu ilipowekwa juu ya mashamba yao, watu hao wakawa, kwa lugha ya mikataba, wavamizi.

Mgogoro uliofuata ulidumu miaka mingi, ukafikishwa bungeni na kuwaleta mawaziri mmoja baada ya mwingine. Mfanano wa maneno katika mgogoro huo hauna budi kutazamwa. Vamia ni kitenzi cha tendo la mara moja na la nguvu: jambazi huvamia, jeshi huvamia. Mtu aliyezaa watoto mahali, akazika wazazi hapo, akajengewa shule ya msingi na serikali yenyewe na kupigia kura diwani wa kata iliyotangazwa na serikali hiyo hiyo, aweza kuwa mkaaji asiye na hati. Ni vigumu kuona jinsi neno mvamizi linavyomweleza. Kwa upande mwingine si haki kumwita mpangaji wa kitalu mnyang’anyi. Alilipa kodi, alisaini mkataba na chombo halali, akaahidiwa eneo lisilo na watu. Waliokodisha ndio walioahidi kilichokuwa hakipo, na katika maneno mawili yaliyotumika, mwekezaji na mvamizi, mkodishaji hatajwi.

Neno kitalu lenyewe limesafiri. Asili yake katika Kiswahili ni bustani au kipande cha ardhi kilichozungushiwa ua, mahali pa kukuzia miche. Lugha ya utawala imelipanua hadi likafaa kwa maelfu ya hekta za nyika, vitalu vya ranchi na vitalu vya uwindaji. Upanuzi huo si kosa. Lugha hufanya hivyo kila siku. Ila maana ya ua haikuachwa nyuma: kitalu bado ni mahali penye mpaka na mlango, na aliye ndani bila kupitia mlangoni ameingia isivyo halali. Rweya, kinyume chake, haikuwa na mlango. Kiswahili sanifu hakina neno moja linalolingana nalo. Malisho hutaja ng’ombe tu, mbuga hutaja wanyama wa porini, na ardhi ya kijiji ni istilahi ya sheria inayohitaji kijiji kilichoandikishwa kwanza. Mzee wa Muleba aliyesimama mbele ya tume ya ardhi na kusema kwa Kihaya kuwa hiyo ni rweya alikuwa ametaja aina ya haki, haki ya kutumia pamoja bila kumiliki. Mkalimani alipoiita nyika, au pori, haki hiyo iliachwa nje ya kumbukumbu, na kilichoandikwa kilikuwa sura ya nchi.